Ribiti Isipokaza

Kila mwanzo wa muhula, masanduku ya bati ya wanafunzi hupakiwa juu ya mabasi katika vituo vyote vya Kenya. Mengi huundwa na mafundi wa Kamukunji, mjini Nairobi. Mzazi hulipa fedha zake, mtoto hushika kishikio, na sanduku likiisha kujaa vitabu na nguo, kishikio hung'oka upande mmoja. Mzazi humlaumu fundi; fundi naye huilaumu bunduki yake ya ribiti, na pengine hununua nyingine kwa fedha ambazo zingemfaa kwa bati. Mara nyingi bunduki ile haikuwa na kosa lo lote.

Ribiti tunayoizungumza hapa si ile ya kugongwa kwa nyundo pande zote mbili, bali ni ile yenye bomba fupi, kofia upande mmoja, na msumari mwembamba uliopenya katikati. Asili yake ni ubunifu wa mhandisi Hamilton Neil Wylie wa Uingereza, aliouombea hataza mwaka 1916. Faida yake ni kwamba fundi hana haja ya kuufikia upande wa ndani. Bunduki huushika msumari kwa meno na kuuvuta. Kichwa cha msumari huliponda bomba kwa ndani mpaka likafura na kuyabana mabati. Kisha msumari hukatika mahali palipopunguzwa unene kiwandani. Lakini yafaa kukumbuka ya kuwa msumari waweza kukatika hata kama mabati hayakubanwa. Mlio ule wa kukatika umewadanganya mafundi wengi.

Basi kabla ya kuilaumu bunduki, itazameni ribiti yenyewe, nje na ndani. Kofia ikae juu ya bati bila nafasi, na upande wa pili uvimbe uwe umeenea sawasawa kuzunguka tundu. Kofia ikicheza, au uvimbe ukiinama upande mmoja, jambo la kwanza la kupimwa ni tundu. Ribiti ya milimita 3.2 yataka tundu la milimita 3.3, na ile ya milimita 4.8 yataka 4.9. Fundi akitoboa kwa msumari na nyundo, tundu huwa pana, lenye kingo zilizochanika, na bomba likifura halipati mahali pa kushika. Sharti atoboe kwa keekee, kisha aondoe makali yaliyobaki kuzunguka tundu, maana hayo nayo huyatenga mabati. Tena, tundu lisiwe karibu mno na ukingo wa bati: kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pawe angalau mara mbili ya unene wa ribiti, la sivyo bati litapasuka mzigo ukizidi.

Jambo la pili ni urefu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa fundi hununua pakiti moja akaitumia kwa kila kazi. Pima unene wa vitu vyote vinavyounganishwa, kisha ongeza unene wa ribiti mara moja na nusu. Ikiwa kishikio na mabati pamoja ni milimita 3, na ribiti ni ya 3.2, jumla ni milimita 7.8, chukua ribiti yenye bomba la milimita 8. Hesabu hii ni ya kukadiria, na mahali pakitiwa alama ya unene kwenye pakiti, fuateni pakiti. Ribiti fupi haina bomba la kutosha kufura. Iliyo ndefu mno hujikunja ovyo ndani. Mabati nayo yabanwe kwa koleo kabla ya kuvuta, kwani ribiti haikuumbwa ili kuvuta bati lililopinda.

Sasa twende kwenye bunduki. Alama ya kosa lake ni hii: unavuta, meno yanateleza juu ya msumari, nao unabaki na mikwaruzo bila kukatika. Fungua mdomo na kofia ya mbele kwa spana, ukayatoe meno na springi yake, ukiangalia vizuri yalivyopangwa. Aghalabu utakuta yamejaa unga wa chuma. Yasugue kwa burashi ya waya, yaoshe kwa mafuta ya taa, yakaushe, kisha upake mafuta ya mashine kidogo kwa nje tu, mahali yanapoteleza ndani ya kifuko chake. Usiyapake upande unaoushika msumari. Meno yaliyolika hayaponi kwa kuoshwa, hayana budi kubadilishwa, nayo ni nafuu kuliko bunduki mpya. Ukirudisha, kaza kofia ya mbele barabara, maana ikilegea meno hayashiki.

Mdomo wa bunduki huja kwa ukubwa mbalimbali. Tumia ulio mwembamba kabisa ambao msumari wapita bila kulazimishwa. Mdomo mpana huiacha kofia ya ribiti ivutwe ndani yake, na kipande cha msumari hubaki kimechomoza. Kipande hicho kisiachwe kwenye sanduku la mtoto. Kiondolewe kwa tupa. Bunduki ishikwe wima na kukandamizwa juu ya bati muda wote wa kuvuta. Kipande kilichokatika kikikwama ndani, panua mipini mpaka mwisho na uielekeze bunduki chini, usiipige nyundo. Macho yavalie miwani, kwa kuwa misumari huruka.

Ribiti iliyolegea haikazwi kwa kugongwa. Toboa kofia yake kwa keekee, sukuma mabaki yatoke, na kama tundu limepanuka tia ribiti ya ukubwa unaofuata. Kwa kishikio kinachobeba mzigo, mafundi wengine huweka washa upande wa ndani ili uvimbe usilichane bati jembamba, na twaiona kuwa desturi njema. Kabla ya kuanza kazi ya siku, piga ribiti moja kwenye mabaki ya bati lile lile, kisha jaribu kuyatenganisha kwa mikono.