Protini kwa Msichana Mwanamichezo

Msichana wa miaka 14 hadi 18 anayekimbia au kucheza netiboli ana kazi mbili mwilini kwa wakati mmoja: kukua, na kukarabati misuli iliyochoshwa na mazoezi. Kazi zote mbili zahitaji protini. Kiwango cha kawaida kinachopendekezwa kwa umri huo ni gramu 0.85 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa wanaofanya mazoezi mazito, wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 1.2 hadi 2. Hivyo msichana mwenye kilo 50 atahitaji walau gramu 60.

Kiasi hicho hupatikana jikoni. Glasi ya maziwa ina takriban gramu 8 za protini, yai moja gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na konzi ndogo ya dagaa wakavu hukaribia gramu 12. Maharage yakiliwa mchana na usiku, ugali hukamilisha hesabu. Tena vyakula hivi viwili hufaana: mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Ni vyema protini igawanywe katika milo yote ya siku badala ya kurundikwa katika chakula cha jioni.

Hata hivyo, protini haijengi mwili wenye njaa. Msichana akiacha kifungua kinywa, au akipunguza chakula ili awe mwepesi, mwili huichoma protini kama kuni badala ya kuitumia kujenga. Upungufu huo wa nishati ukiendelea, homoni za uzazi hushuka, hedhi hukatika, na mifupa hudhoofika katika umri ule ule ambao ingepaswa kuimarika. Unga wa protini wa dukani hauondoi tatizo hilo. Chakula cha kutosha ndicho tiba.

Kukosa hedhi kwa miezi mitatu si dalili ya mazoezi mema. Mhudumu wa afya, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ujauzito, amuulize msichana anakula mara ngapi kwa siku, anafanya mazoezi kwa saa ngapi, na iwapo amewahi kuumia mfupa. Mzazi naye asisubiri mfupa uvunjike ndipo ampeleke kituoni.