Bujumbura: Kwa nini mwenye ugonjwa wa kudumu anahitaji msiri wakati wa shida

Foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zimekuwa jambo la kawaida mjini Bujumbura katika miaka ya karibuni. Kwa mtu mwenye afya njema, basi lisipofika hasara yake ni kuchelewa kazini. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu, huenda hasara hiyo ikawa siku ya kuchukua dawa iliyopita bila dawa kuchukuliwa.

Magonjwa ya kudumu ni mengi, yakiwemo kisukari, shinikizo la damu na kifafa. Lakini ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, takriban asilimia 1 ya watu wazima nchini Burundi, ambao historia yao inaonyesha kwa uwazi zaidi jinsi matibabu yanavyotegemea uhusiano wa mgonjwa na wenzake.

Kwa nini dawa haipaswi kukatizwa

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI haziviui virusi vyote. Kazi yake ni kuvizuia visizaliane. Baadhi ya virusi hubaki vimejificha ndani ya seli za mwili, na mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache. Anayemeza leo na kuacha kesho hukabiliwa na hatari nyingine: kiasi kidogo cha dawa kinachobaki mwilini huvipa virusi nafasi ya kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikimfaa inaweza kushindwa kufanya kazi.

Kinyume chake pia ni kweli. Anayemeza dawa bila kukosa hadi kiwango cha virusi katika damu kikawa chini mno kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Shirika la Afya Duniani, WHO, limelithibitisha jambo hilo.

Hivyo kidonge kimoja kwa siku kinabeba mambo mawili: uhai wa mgonjwa na usalama wa anayeishi naye. Na ili kidonge hicho kimfikie, lazima barabara ipitike, kituo cha afya kiwe wazi, na mgonjwa awe na njia ya kufika. Msukosuko unapotokea, hayo ndiyo huvurugika kwanza.

Turiho, yaani tupo

Bujumbura ililijua hilo mapema. Mwaka 1993, mwaka ambao Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, ndipo kilipoanzishwa chama cha kuwasaidia watu wenye virusi vya UKIMWI, kinachojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, ANSS. Mwanzilishi wake, Jeanne Gapiya-Niyonzima, alikuwa amefiwa na mtoto na mume kutokana na ugonjwa huo.

Katikati ya miaka hiyo ya 1990 alisimama kanisani mbele ya waumini na kutamka kwamba naye ana virusi, baada ya mhubiri kuuhusisha ugonjwa huo na dhambi. Anatambuliwa kuwa Mrundi wa kwanza kujitangaza hadharani.

Ulikuwa wakati wa mitaa kugawanyika na wakazi kukimbia makwao. Katika mwaka 1994 na 1995 zilikuwapo siku ambazo shughuli zote mjini zilisimamishwa kwa nguvu, na aliyetoka nyumbani alijihatarisha. Kituo cha ANSS mjini humo kilipewa jina la Turiho, neno la Kirundi ambalo kwa Kiswahili ni tupo. Miongoni mwa majirani waliodhani kwamba mwenye virusi amekwisha kufa, neno hilo lilitosha kuwa jibu.

Siri na upweke ni vitu viwili

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo mara nyingi hutumika kumlaumu mgonjwa. Lakini anayeficha huwa amepiga hesabu: anaogopa kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, kuvunjika kwa ndoa, au wateja kuacha kununua chakula anachopika. Katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako nyumba zimebanana na habari hupita ukuta kwa ukuta, hofu hiyo ina msingi.

Si lazima kila mgonjwa afanye alivyofanya Gapiya-Niyonzima. Kiswahili kina neno linalofaa hapa: msiri. Msiri ni mtu anayeaminiwa kuitunza siri ya mwenzake. Mwenye msiri bado ana siri yake, ila hayuko peke yake nayo. Barabara ikifungwa au homa ikimlaza, yupo mtu mmoja anayejua kwamba kuna dawa ya kuchukuliwa, wapi, na lini. Asiye naye huweza kumaliza dawa huku ndugu wa nyumba moja wakidhani ana malaria tu.

Mafunzo kutoka kwa majirani

Kutoka kwingine barani Afrika kuna mifano ya jinsi uhusiano huo unavyoweza kupangwa. Mwaka 2008, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, wagonjwa walianza kujiunga katika vikundi vya watu wasiozidi sita. Kwa zamu, mmoja alikwenda kituoni kuwachukulia wenzake dawa, na kurudi nazo kijijini. Nauli ilipungua, na aliyekosekana alitafutwa na wenzake.

Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatawanya mamia ya maelfu ya watu. Mpango wa matibabu wa AMPATH ulioko Eldoret ulitumia redio na simu kuwaelekeza wagonjwa mahali pa kupata dawa.

Redio hiyo hiyo ilikosekana kwa Warundi wengi mwezi Mei 2015, pale vituo kadhaa vya kujitegemea mjini Bujumbura viliposhambuliwa na kufungwa baada ya jaribio la mapinduzi. Waliokuwa na namba ya simu ya mhudumu au ya mgonjwa mwenzao walikuwa na pa kuuliza.

Changamoto mpya ilikuja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Katika nchi nyingi za Afrika, wahudumu wa jamii waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa waliokosa miadi walijikuta bila kazi. Palipokosekana mhudumu, mzigo wa kuulizia ulibaki kwa jamaa na jirani.

Nini kinaweza kufanywa

Mgonjwa anashauriwa kujua jina la dawa yake na kuhifadhi kijitabu cha matibabu, au picha yake katika simu, ili akihama aweze kuendelea kutibiwa kwingine. Anaweza kumuuliza mhudumu kama inawezekana kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Si vyema kugawana vidonge na mwingine ili visiishe.

Aliyekwisha kukatiza dawa anapaswa kurudi kituoni upesi na kusema ukweli kuhusu siku alizokosa, kwa sababu ukweli huo ndio unaomwezesha mganga kuchagua dawa sahihi. Mjini Bujumbura, asiye na wa kumwamini nyumbani anaweza kuanzia katika vyama kama ANSS na SWAA-Burundi, au mtandao wa watu wanaoishi na virusi, RBP+, ambako atakutana na waliopitia hali kama yake.

Na kwa anayeaminiwa, wajibu ni mdogo lakini mzito: kutunza alichoambiwa, na kuikumbuka tarehe ya dawa hata siku ambayo mwenzake ameisahau.