Bando la Chakula Lililotiwa Glasi ya Mvinyo

Kila anayenunua bando la intaneti Dar es Salaam au Nairobi anaijua hesabu yake. Unalipa kwanza, unatumia baadaye, na saa ya mwisho ikigonga, kilichobaki kimekwenda. Sasa iondoe hesabu hiyo kwenye simu uiweke mezani. Huko Florida, Marekani, familia zinazolala kwenye hoteli za Walt Disney World zinaweza kununua chakula kwa mtindo huohuo. Milo inalipiwa pamoja na chumba, inahesabiwa kwenye bangili au kadi ya mgeni, na isiyoliwa inafutika saa sita usiku siku ya kuondoka. Tangu mwaka 2018 bando hilo lina nyongeza: kila mlo unakuja na kinywaji kimoja, na aliyefikisha miaka 21 anaruhusiwa kuchagua bia, mvinyo au kokteli.

Wageni wengi waliipokea habari hiyo kama zawadi. Mimi naisoma kama mfano mzuri kuliko yote niijuayo wa namna biashara ya burudani inavyopanga bei. Glasi ile haikutolewa, iliuzwa. Na sehemu ya gharama yake inabebwa na watu ambao hawawezi kuinywa, au hawataki.

Tuanze na bei, maana ndiko ukweli uliko. Mwaka 2018, pombe ilipoingia, mpango wa chakula wa kawaida, yaani bando lenyewe, ulikuwa dola 75.49 kwa mtu mzima kwa kila usiku. Kwa fedha hizo alipata mlo mmoja wa kuhudumiwa mezani, mlo mmoja wa kaunta, vitafunwa viwili, na kikombe cha kujijazia soda hotelini. Mpango ulisimamishwa mwaka 2020 bustani zilipofungwa kwa sababu ya Korona, ukakaa kabatini karibu miaka minne, na ukarudi tarehe 9 Januari 2024. Bei mpya ilikuwa dola 94.28. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 25, na vitafunwa vilikuwa vimepungua kutoka viwili hadi kimoja. Glasi ya pombe haikuguswa.

Kwa nini wakipunguze kitafunwa waiache glasi? Jibu liko nyuma ya kaunta. Kokteli inayouzwa dola 17 kwa kawaida haina malighafi inayofika robo ya bei hiyo: pombe kidogo, juisi, sukari, barafu. Sahani ya nyama inakula karibu theluthi ya bei yake kwa malighafi peke yake, halafu inadai mpishi, jiko na muda. Kwa hiyo ukitaka bando lionekane nono machoni pa mnunuzi bila kukugharimu sana, weka ndani yake kitu chenye bei kubwa kwenye menyu na gharama ndogo stoo. Hakuna kinacholingana na kokteli kwa sifa hizo. Soda inakaribia, lakini soda haimfanyi mtu akae chini apige hesabu na kusema amefaidi.

Mgeni anapiga hesabu hiyo kweli. Anachukua menyu, anajumlisha kokteli ya mchana na mvinyo wa jioni, anapata dola 30 na ushei, anaona theluthi ya fedha zake imerudi kabla hajagusa chakula. Hajakosea. Kwa mtu ambaye angeagiza vinywaji hivyo hata kwa fedha taslimu, mpango unalipa. Tatizo ni kwamba bei ya bando haipangwi kwa kumtazama yeye peke yake. Inapangwa kwa wastani, na wastani una watu wengine ndani yake.

Ndipo tunapofika kwa mtoto wa miaka 14.

Kanuni za mpango zinasema kila mtu wa chumba mwenye miaka 3 na kuendelea lazima alipiwe. Bei ya mtoto inaishia miaka 9. Ukitimiza 10 umekuwa mtu mzima wa mahesabu, ingawa sheria ya Florida haitakuruhusu kunywa hadi utimize 21. Chukua familia ya baba, mama, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 8, usiku tano, kwa bei za 2024. Watatu wanalipa dola 94.28 na binti analipa 29.69. Jumla ni dola 1,562.65. Kati ya hizo, kijana peke yake anachukua 471.40, wakati dada yake anachukua 148.45. Tofauti ni karibu dola 323. Ni kweli kijana wa miaka 14 anakula kuliko mtoto wa miaka minane, na mzazi yeyote atakuambia hivyo. Lakini analipa bei ileile ya mtu anayepewa vinywaji viwili vya pombe kwa siku, na yeye atapewa milkisheki, tena pale tu inapopatikana.

Huyo kijana hayuko peke yake kwenye foleni. Yuko mama Mwislamu kutoka Mombasa anayeishi Ohio, Msabato wa Kisii aliyehamia Texas, mlokole, mjamzito, dereva, mwenye kisukari, na mtu ambaye hapendi tu. Wote hao wanauziwa bando lilelile kwa bei ileile. Wanaruhusiwa kuchagua kinywaji maalumu kisicho na kilevi, na ninawasihi wakichague, maana desturi ya wengi wetu mezani ni kuomba maji. Maji ya barafu kwenye migahawa ya kaunta huko hutolewa bure kwa yeyote anayeomba. Anayeyachukua kama kinywaji chake cha mpango amelipia kitu ambacho jirani yake amepewa bila senti.

Kuna gharama nyingine iliyofichwa. Bakshishi haimo kwenye bei. Miaka ya mwanzo, mpango wa kisasa ulipozinduliwa mwaka 2005, bakshishi ilikuwamo, pamoja na kianzio cha mlo. Vyote viwili viliondolewa mwaka 2008. Sasa mhudumu huleta risiti yenye thamani kamili ya chakula na kinywaji, na desturi ya Marekani ni asilimia 18 hadi 20 ya thamani hiyo. Kokteli uliyodhani imeshalipwa inapandisha bakshishi utakayotoa mfukoni. Simlaumu mhudumu hata kidogo. Mshahara wake wa msingi kisheria ni mdogo kwa sababu anategemewa kuishi kwa bakshishi, na ndiye anayekagua vitambulisho na kubeba lawama mtu akilewa. Ninayemlaumu ni aliyeandika bango linaloonyesha kwamba kila kitu kimelipwa.

Inashangaza kwamba kampuni iliyofika hapa ni hii. Walt Disney alipofungua Disneyland huko California mwaka 1955, alitaka bustani isiyo na harufu ya pombe, tofauti na viwanja vya maonyesho vya siku zile vilivyojaa walevi. Magic Kingdom ya Florida iliyofunguliwa mwaka 1971 ilirithi msimamo huo. Ulilegea hatua kwa hatua, na hatua kubwa mojawapo ilikuwa Ufaransa. Bustani ya karibu na Paris ilifunguliwa Aprili 1992 bila mvinyo ndani ya uzio, kwa wateja ambao mvinyo kwao ni sehemu ya mlo kama chai ilivyo kwetu asubuhi. Wafaransa walikereka. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Septemba 1993 ilifika faranga bilioni 5.3, kwa sababu nyingi kubwa kuliko mvinyo, zikiwamo madeni na vyumba vitupu. Hata hivyo mwaka huohuo marufuku iliondolewa. Huko Florida, EPCOT, bustani nyingine ya Disney, tangu ilipofunguliwa mwaka 1982 ilikuwa na mabanda ya nchi mbalimbali yanayouza vinywaji vyao. Magic Kingdom ilishikilia hadi Novemba 2012, mgahawa wa Be Our Guest ulipoanza kuuza bia na mvinyo jioni. Mwaka 2016 ikaongezwa migahawa minne, na kufikia 2018 migahawa yake yote ya kuhudumiwa mezani ilikuwa inauza. Mwaka huohuo glasi ikaingia kwenye mpango wa chakula. Sioni kama ni sadfa: huwezi kutangaza kinywaji kwa kila mlo kama bustani yako maarufu kuliko zote haikiuzi.

Wengine walijenga biashara hii kwa njia tofauti, na ulinganisho unafundisha. Club Med, kampuni ya likizo iliyoanza kwenye kisiwa cha Majorca mwaka 1950, ilijumuisha chakula na mvinyo wa mezani kwenye bei moja, lakini baa ilibaki nje. Wageni walinunua shanga na kuzivaa shingoni, wakalipa kinywaji kwa kuchomoa shanga. Anayekunywa alilipa, asiyekunywa alibaki na fedha zake. Hoteli za Karibiani ziliivunja kanuni hiyo. Sandals ilipoanza Jamaika mwaka 1981, kivutio kilikuwa baa isiyo na bili, na wateja wake walikuwa watu wazima wawili wawili, bila mtoto wa kubebeshwa mzigo. Meli za kitalii zikaja na kifurushi kinachojitegemea. Carnival huuza kimoja chenye ukomo wa vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24, na huwataka wote wa chumba kimoja waliofikisha miaka 21 wakinunue ili mmoja asiwanyweshe wengine. Sharti hilo ni kali, na mke asiyekunywa analilipia. Lakini kijana wa miaka 14 hahesabiwi kwenye pombe, na hapo meli imekuwa na haki kuliko bustani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kule Tampa, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Disney. Busch Gardens ilifunguliwa mwaka 1959 na kampuni ya bia ya Anheuser-Busch, kando ya kiwanda chake. Wageni walipewa bia ya kuonja bure. Hapo bia haikujificha ndani ya bei ya kitu kingine. Ilikuwa tangazo la kiwanda, na kiwanda ndicho kilicholipa. Mwaka 2008 Anheuser-Busch ilinunuliwa na InBev, mwaka uliofuata bia ya bure ikakoma, na bustani zikauzwa kwa Blackstone. Kiwanda kilipobadili mmiliki, tangazo hilo likafika mwisho. Ukitaka kujua nani anafaidika na kinywaji cha bure, tazama kinakoma lini.

Kwa msomaji wa huku kuna jambo linalogusa karibu zaidi. Ndani ya Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Vibao vyake vina Kiswahili, mkahawa wake mkubwa ni Tusker House, na pembeni kuna baa iitwayo Dawa, jina la kokteli ya vodka, ndimu na asali iliyopata umaarufu Nairobi. Kwenye hoteli ya Disney iliyo jirani na bustani hiyo kuna migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Tusker House inahesabiwa mlo mmoja wa mpango. Jiko, kwa miaka mingi maarufu kwa mvinyo wa Afrika Kusini, huwekwa kwenye daraja la milo miwili. Naona fahari lugha yetu kusimama pale, na naona uzito pia, kwamba mgeni anakutana nayo kwanza kwenye menyu ya vinywaji.

Mfumo wenyewe uko nyumbani tayari. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Diani zinauza likizo za kila kitu ndani ya bei moja kwa mawakala wa Ulaya, vinywaji vikiwamo. Mwanzoni mwa 2024 Zanzibar ilipata uhaba wa vileo baada ya bodi inayosimamia bidhaa hizo kubadilisha waliopewa vibali vya kuagiza. Hoteli inayouza bia kwa chupa, ikikosa bia, inakosa mauzo. Iliyouza bia miezi sita kabla, ndani ya likizo iliyokwisha kulipwa, ina deni na lazima iitafute kwa bei yoyote. Hatari hiyo haionekani kwenye kipeperushi cha wakala, lakini wahasibu wa hoteli wanaijua. Na wenye hoteli wetu wanaofikiria kuiga mtindo wa Florida wangefanya vyema kuuza bei mbili, ya wanaokunywa na ya wasiokunywa. Pwani hii ina wateja wa kutosha wa aina ya pili, kuanzia familia za hapa hapa hadi wageni wa Ghuba.

Disney haijaelekea huko. Ofa yake ya 2026 inawapa watoto wa miaka 3 hadi 9 mpango wa chakula bila malipo, wazazi wakinunua wa kwao pamoja na chumba kwa bei isiyopunguzwa. Binti wa miaka 8 katika hesabu yetu ya juu atakula bure. Kaka yake wa miaka 14 bado analipa bei ya mtu mzima, glasi ikiwamo.