Mmea Tusioupanda Mbele ya Groto



Mvua za masika zilipochanganya mwaka huu, kwenye ukingo wa tuta la maua mbele ya groto yetu ya Mama Bikira Maria pakaota mmea ambao hakuna aliyeupanda. Ulianza kama duara la majani yaliyolala chini, yamechanikachanika kama ya karoti, rangi yake kijani kilichopauka. Siku za kazi za mikono kila mmoja wetu alipalilia pembeni yake akauruka, akidhani mwenzake ndiye aliyeupanda. Ndivyo mmea usio wa mtu ulivyopata kutunzwa na jumuiya nzima, tena kwa samadi.

Ulipofika magotini ukaanza kuleta maneno. Frateri mmoja, mtoto wa wakulima wa mboga, alisema ni karoti iliyojiotea. Mwingine alisema ni artemisia, ile ambayo watu huichemsha na kuinywa kwa ajili ya malaria, akapendekeza tuizidishe. Na mama mmoja wa WAWATA, ambaye huja Jumamosi kupamba altare, alipouona umechanua vijiua vyeupe vingi kama chumvi iliyomwagwa, akaomba achume matawi mawili matatu ya kujazia vyombo vya maua. Mmea ni mmoja, lakini kila jina lilikuwa na safari yake. La kwanza lingeuacha bustanini, la pili lingeupeleka kwenye sufuria, la tatu lingeufikisha altareni. Tukasema, kabla ya lolote, tuujue kwanza.

Tulianza vibaya. Tuliupiga picha kwa simu ungali mchanga, tukaiuliza programu ya kutambua mimea, ikatupa majina matano, artemisia likiwa mojawapo. Kila aliyekuwa na maoni yake akapata la kumtetea. Kosa halikuwa la programu. Mmea usio na ua ni kama mtu aliyekupa kisogo: unaweza kukisia, lakini huwezi kuapa. Wataalamu wa mimea hutegemea sana maua na matunda, kwa sababu majani hubadilika kufuatana na udongo, kivuli na umri, wakati ua la aina moja hubaki na umbo lake. Anayetaka kutumia simu basi apige picha kadhaa: mmea mzima mahali ulipo, jani upande wa juu na wa chini, shina kwa karibu, ua kwa karibu zaidi, na kitu cha kupimia ukubwa kama kalamu au sarafu. Halafu majibu ya simu ayachukue kama orodha ya washukiwa, ambao kila mmoja inabidi ahojiwe.

Tukawahoji. Kwanza, bila kuugusa mmea, tulitazama jinsi majani yalivyopangana kwenye shina. Hili ni swali dogo linalookoa muda mwingi. Kuna mimea ambayo majani yake hutoka jozi jozi, moja likitazamana na mwenzake, na kuna ambayo majani hupishana, moja huku, jingine juu zaidi upande wa pili. Kishona nguo, ambaye mbegu zake tunazijua sote kwenye pindo za kanzu, ana majani ya kutazamana. Huu wetu majani yake yalipishana. Kishona nguo akatoka kwenye orodha.

Karoti ilifuata. Jani la karoti ni jembamba na limegawanyika mno, na ukilivunja unanusa karoti yenyewe. Lakini jibu la wazi lilikuwa kwenye maua. Karoti iliyoachwa mpaka ichanue hutoa vikonyo vingi kutoka mahali pamoja, vikafunguka kama mwavuli. Mmea wetu haukuwa na mwavuli wowote. Matawi yake ya juu yaligawanyika ovyo kila upande, kila kitawi na kijiua chake nchani.

Ikabaki artemisia, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, maana hapa ndipo palipokuwa na hatari ya mtu kunywa. Artemisia inayotajwa kwa malaria, Artemisia annua, ina harufu kali. Ukipita ukaigusa kwa nguo tu unaisikia. Tulivaa mfuko wa plastiki mkononi, tukapikicha jani la mmea wetu, tukasubiri. Harufu ilikuwa hafifu, ya majani tu. Maua ya artemisia ni vidonge vidogo vya rangi ya njano iliyofifia, vinavyoinamia chini. Yetu yalikuwa meupe, yakitazama juu. Jani la mmea wetu lilikuwa na vinyweleo laini pande zote, na shina lilikuwa na michirizi iliyoshuka kwa urefu kama mifereji, nalo likiwa na vinyweleo vilevile. Artemisia ikaondoka.

Tuseme na hili, maana linaulizwa sana parokiani. Hata kama ungekuwa artemisia ya kweli, Shirika la Afya Duniani halikubali majani yake yatumike kama chai ya kutibu malaria. Dawa ya artemisinini, iliyotokana na utafiti wa Tu Youyou wa China na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutolewa kwa kipimo na kuchanganywa na dawa nyingine. Kikombe cha chai hakina kipimo. Mwenye homa aende akapimwe.

Kisha tukatazama ua lenyewe kwa kioo cha kukuzia tulichoazima maabara. Tulichokiita ua kumbe ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyobanana, kama alizeti, isipokuwa hiki upana wake ni milimita nne au tano tu. Pembeni mwa kila kichwa palikuwa na vipetali vitano vidogo sana, kimoja kila kona, kiasi kwamba kichwa kizima kilionekana kama kitu chenye pembe tano. Vilivyokwisha kukauka vilikuwa na vijimbegu vyeusi ndani. Majani ya kupishana yaliyochanika sana, vinyweleo, shina lenye mifereji, vichwa vyeupe vya pembe tano: alama hizi nne kwa pamoja hazikutuachia washukiwa wengi. Tulituma picha kwa afisa ugani wa kata, naye alijibu kabla hatujatoka kwenye masifu ya jioni. Gugu karoti.

Kumbe frateri wetu wa karoti alikaribia jina, ingawa alikosea mmea.

Tulituma picha, hatukutuma tawi. Kwa kawaida anayetaka mmea utambuliwe hulaza tawi lenye ua ndani ya magazeti, akaligandamiza kwa vitabu vizito, akabadilisha magazeti kila siku mpaka likauke, kisha akaandika mahali, tarehe, urefu na rangi ya ua likiwa bichi, kwa kuwa rangi hupotea. Ndivyo sampuli zinavyohifadhiwa kwenye makusanyo ya mimea iliyokaushwa, kama yale ya taifa yaliyoko Arusha. Lakini gugu lenye mbegu halisafirishwi hivi hivi. Unaweza kulipanda njia nzima kwa nia njema.

Kazi hii ya kukausha na kuandika si ngeni kwa watu wa Kanisa hapa kwetu. Padre Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya mimea mingi ya pwani, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa mwaka 1939 imejaa majina ya miti na majani. Wanasayansi wameiita jamii moja ya mimea Sacleuxia kwa heshima yake. Alikuwa mtu wa lugha, na alielewa kwamba huwezi kuandika maana ya jina la mti bila kujua ni mti upi. Jina moja la kijijini huweza kubeba mimea mitatu, na mmea mmoja huweza kuwa na majina kumi kutoka Tanga hadi Kigoma. Ndiyo sababu wataalamu wanang'ang'ania Kilatini, lugha inayotutoa jasho darasani. Gugu karoti ni Parthenium hysterophorus, jina alilolichapa Linnaeus mwaka 1753, na ukilitaja hivyo mtu wa Arusha, wa Pune na wa Queensland wanajua unasema nini. Neno la mwanzo latokana na jina la kale la Kigiriki la mimea ya dawa, lenye mzizi wa neno bikira. Kuota kwake mbele ya groto, basi, kulitupa kicheko kidogo.

Kicheko hakikudumu. Gugu hili asili yake ni nchi za joto za Amerika. Miaka ya 1950 lilishaonekana India na Australia, baadaye likaenea Ethiopia, Kenya na Uganda, na hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Husafiri na matope ya matairi, nyasi za mifugo, mchanga wa ujenzi, maji ya mafuriko. Kwetu tunafikiri lilikuja na lori la mchanga na samadi tuliyonunua mwaka jana. Likishaota huchanua kwa muda wa wiki nne hadi sita, na mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, ambazo huweza kulala ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia mimea ya jirani kuota vizuri. Tulipolitazama tuta letu kwa macho mapya, tuliona nyasi zilivyokuwa chache kulizunguka.

Kwa ng'ombe ni baya. Wengi hulikwepa, lakini njaa ikizidi hula, na maziwa yao huwa machungu. Wakila kwa wingi huugua. Kwa binadamu, utomvu na vinyweleo vyake huweza kuleta mwasho na vipele, hasa kwa anayeligusa mara kwa mara, na chavua yake huamsha mafua ya mzio na pumu. Mzee anayetutunzia bustani alikuwa na mikono inayowasha tangu Pasaka. Alibadilisha sabuni mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwuliza anang'oa nini kwa mikono mitupu, na hilo tunalisema kwa aibu kidogo, kwa sababu tulimwona kila asubuhi. Ameshakwenda zahanati, na sasa ana glavu.

Na fikiria yale matawi mawili matatu altareni: padre mwenye pumu ameinamia misale, watumishi wa altare wamesimama ubavuni, Misa ya saa moja na nusu. Tunajua kwamba mahali pengine duniani watu hulichuma kwa mashada, kwa maana ni zuri kweli kulitazama. Mama yetu wa WAWATA tulimweleza kwa upole, naye akatujibu kwamba kanisani kwao kigangoni limejaa nyuma ya sakristia na watoto hulichezea. Jumamosi iliyofuata tulikwenda.

Namna ya kuling'oa ni hii. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Fanya kazi hiyo baada ya mvua, udongo ukiwa laini, uutoe mzizi mkuu wote. Ukikata shina tu litachipua tena. Wakati mzuri ni kabla halijachanua. Likiwa limeshachanua, funika kwanza vichwa kwa mfuko kabla ya kutikisa mmea, ufunge, kisha uyafukie mabaki kwenye shimo refu au uyachome mahali ambapo moshi hauwafikii watu. Usilitupe kwenye mboji, wala usiwape mbuzi. Viatu na jembe vipigwe brashi hapo hapo kabla ya kwenda tuta jingine. Na afisa ugani aambiwe, kwa kuwa gugu hili ni la kata nzima, halijui ua wa seminari.

Katika kazi hiyo frateri mmoja alituuliza swali ambalo bado tunalijadili mezani. Katika Mathayo sura ya 13 mwenye shamba anawakataza watumishi wake wasing'oe magugu kabla ya mavuno. Je, sisi tumetenda kinyume? Gugu la mfano ule, kwa maoni ya wafafanuzi wengi, ni Lolium temulentum, linalofanana na ngano kiasi kwamba huwezi kuvitofautisha mpaka masuke yatokee, na mizizi yake husokotana na ya ngano. Mwenye shamba alijua mimea yake. Alikataza kwa sababu alijua. Anayengoja gugu karoti mpaka mavuno atavuna mbegu elfu ishirini. Tena mfano ule wahusu watu, nao si somo la kilimo. Frateri hakuridhika sana, na mwalimu wa Maandiko amemwambia aandike insha.

Tuliling'oa siku ya Jumanne. Wiki tatu baadaye, mvua nyingine iliponyesha, tulihesabu miche kumi na moja pale pale, kila mmoja duara dogo la majani yaliyolala chini. Zamu ya groto sasa ina daftari, na wa zamu huandika idadi aliyoitoa. Juzi ilikuwa minne.