Mimba imeharibika: tumlaumu nani?

Ndugu msomaji, pengine jambo hili umeliona kwenu nyumbani. Kijana ameoa. Bibi yake amepata mimba, watu wote wanafurahi. Mwezi wa saba mtoto anatoka amekufa. Siku za kwanza familia yote inalia pamoja. Kiisha juma moja maneno yanaanza. Mama mkwe anamwita mwanawe pembeni: "Mwanangu, huyu bibi uliyetuletea, tumbo lake linakula watoto." Shangazi anaongeza la kwake, eti kuna mjomba wa bibi ambaye hakupewa sehemu yake ya mahari, njo maana amefunga tumbo.

Kabla ya kumrudisha bibi kwao, tusome kwanza pamoja.

Tuchukue mfano wa Yanonge, ngambo ya kushoto ya mto Kongo, katika teritware ya Isangi, karibu kilometa 60 ukishuka kutoka Kisangani. Watu wa kule wanavua samaki, wanalima mpunga na mihogo, wanapeleka vitu sokoni Kisangani. Vijana wengine wa mkoa wa Tshopo wanaacha bibi nyumbani na kwenda kuchimba almasi. Kule ni pori na mvua, na mbu hawana likizo. Palu iko mwaka mzima.

Askari wa mwili

Mwili wako una askari wake: chembe nyeupe za damu na silaha wanazotengeneza. Kazi yao ni kutambua mgeni na kumpiga. Askari hao wanajifunza. Adui waliyekwisha kupigana naye, wanamkumbuka.

Sasa jiulize: mtoto aliye tumboni, nusu yake inatoka kwa baba. Kwa mwili wa mama yeye ni nusu mgeni. Mbona askari hawampigi? Swali hilo liliandikwa mwaka 1953 na mwanachuoni wa Uingereza, Peter Medawar, na wachunguzi bado wanalifanyia kazi. Tunajua kwamba kondo la nyuma linasimama kama ukuta kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kwamba askari walio karibu na tumbo la uzazi wanatulizwa ili wamwache mtoto akue. Lakini hawalali. Wanaendelea kulinda. Pengine wanakosa kumtambua adui, na pengine wanampiga asiye adui.

Wa kwanza anakufa, wanaofuata wanaishi

Mtu aliyekulia Yanonge amepigwa na palu tangu utoto. Akifika umri wa kuolewa, askari wake wameizoea. Anaweza kuwa na vijidudu katika damu na bado akaenda shamba. Lakini akipata mimba ya kwanza, kitu kipya kinatokea: kondo la nyuma. Kuna aina ya vijidudu vya palu vinavyojua kushikamana na kondo hilo. Askari wa mama hawajawahi kuviona, kwa sababu hakuwa na kondo mbele. Vinajificha pale na kuongezeka. Damu ya mama inapunguka, mtoto anakosa chakula cha kutosha, anazaliwa mdogo sana au anakufa. Na mama mwenyewe pengine hakusikia homa hata siku moja!

Mwaka 1996 wachunguzi Michal Fried na Patrick Duffy walieleza jinsi vijidudu hivyo vinavyoshikamana na kondo, walipochungua kondo za mama wa Kenya. Mwaka 1998 wakaonyesha kwamba mama waliokwisha kubeba mimba nyingi wana silaha katika damu zinazozuia vijidudu hivyo visishike. Ni kusema askari wamejifunza.

Hapa fikiri vizuri, ndugu. Mimba ya kwanza inaharibika. Familia inampeleka bibi kwa mganga wa kienyeji, au kwa nabii wa kufukuza ulozi, au bwana anamfukuza naye anaolewa na mwingine. Mimba ya pili inakwenda sawasawa. Watu wote wanapiga makofi: "Mumeona? Mganga alifanya kazi!" Kumbe mara nyingi ni mwili wa mama uliojifunza kazi katika mimba ya kwanza. Mganga amekula mbuzi bure. (Mama mwenye virusi vya sida, askari wake hawajifunzi vizuri hivyo, palu inaweza kumsumbua hata katika mimba za nyuma.)

Wa kwanza anaishi, wanaofuata wanakufa

Katika familia nyingine ni kinyume. Mtoto wa kwanza mzima, wa pili anazaliwa wa manjano na bila damu ya kutosha, wa tatu anakufa tumboni. Watu wanasema mkubwa ni mchawi, anakula wadogo wake. Watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani kwa neno la namna hii?

Pengine ni jambo la damu. Watu wengi wana alama katika damu inayoitwa Rezus. Kwetu Afrika wachache tu hawana. Mama asiye nayo akizaa na baba aliye nayo, mtoto anaweza kuchukua alama ya baba. Wakati wa kuzaa, damu kidogo ya mtoto inaingia kwa mama. Askari wa mama wanaona mgeni, wanajifunza kumpiga. Mtoto wa kwanza amekwisha kutoka, amepona. Lakini mdogo wake mwenye alama ileile atawakuta wamejitayarisha, nao watavunja damu yake. Mkubwa hakufanya ubaya wowote. Wazazi pia hawana kosa: damu zao tu hazikupatana.

Tangu mwaka 1968 kuna sindano ya kuzuia jambo hilo. Inatolewa katika saa 72 baada ya kuzaa, au baada ya mimba kuharibika. Inafaa tu kama askari hawajajifunza bado, njo maana ni lazima kujua mapema. Kijijini si rahisi kuipata. Anayejua aina ya damu yake ana miezi ya kuitafuta mjini.

Hakuna mimba kabisa

Wengine wanakaa miaka bila mimba. Uchunguzi wa watu uliofanywa katika Kongo kati ya 1955 na 1957 ulionyesha kwamba katika sehemu kama Uele na Tshuapa wanawake wengi walikuwa wamezeeka bila kuzaa hata mara moja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa.

Kisonono na klamidia vinaweza kukaa ndani ya mwanamke bila maumivu. Askari wanapigana navyo katika mirija ya uzazi, na vita hivyo vinaacha makovu. Kovu linaziba njia ya yai. Kwa mwanamume pia njia ya mbegu inaweza kuzibwa. Basi wewe baba uliyekaa miezi sita kwenye mashimo ya almasi, usinyoshe kidole mbele ya kupimwa wewe mwenyewe.

Tufanye nini?

Mama mjamzito aanze kupimwa (CPN) mapema, mbele ya mwezi wa nne. Kuanzia mwezi wa nne atapewa Fansidar ya kuzuia palu, angalau mara tatu mpaka kuzaa, kila mara mwezi mmoja ukipita. Anayekula Bactrim kwa sababu ya virusi vya sida hapewi Fansidar; amwambie mwuguzi. Kila usiku alale chini ya chandarua. Akisikia homa apimwe damu siku ileile, asinunue dawa za barabarani. Apate pia chanjo ya pepopunda: silaha zinazotengenezwa na mwili wake zitapita katika kondo na kumlinda mtoto siku za kwanza.

Vijana mnaotaka kuoana, mpimwe damu wote wawili mbele ya arusi: aina ya damu na Rezus, virusi vya sida, kaswende. Ugonjwa wa zinaa ukionekana, bwana na bibi watibiwe pamoja, la sivyo watarudishiana.

Mimba ikiharibika zaidi ya mara moja, waende wote wawili kwa munganga, katika hospitali kubwa kama zile za Kisangani. Si kila mimba inapotea kwa sababu tulizotaja hapa. Pengine mtoto hakuumbika vizuri tangu mwanzo, pengine ni kaswende au damu kupanda. Munganga atatafuta. Na kuomba muombe, hakuna anayewakataza.

Nawe mama mkwe unayesoma au unayesomewa: mkwe wako akipata mimba ya kwanza, usingojee ubaya ufike. Mshike mkono, umpeleke CPN wewe mwenyewe. Na kama mimba imeharibika, mpikie uji, umwache alie, na kijana wako mwambie akae karibu na bibi yake.