Chai Nayo ni Chakula

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amemaliza dawa za saratani ya mitoki, aliandikiwa na daktari kwenda Nairobi kufanyiwa kipimo cha PET/CT ili ijulikane kama ugonjwa umebaki mahali popote. Mimi ndiye niliyempa maelekezo. Nilimwambia, "Mama, siku ya kipimo usile kitu." Akaitikia vizuri. Alfajiri ile baridi ilikuwa kali, akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye sukari. Alipoulizwa kule akasema ukweli, na kipimo kikaahirishwa. Aliporudi aliniambia, "Sista, mimi sikula. Nilikunywa chai." Sikuwa na la kujibu, maana katika lugha yetu chai hailiwi. Mbuzi wawili walikuwa wameuzwa kwa ajili ya nauli ile.

Kwa nini chai iharibu kipimo? Katika PET mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi, yaani sukari, iliyounganishwa na florini-18 yenye mionzi. Seli za saratani nyingi hula sukari kwa pupa kuliko jirani zao. Sukari hiyo hujikusanya humo, na mashine hunasa mionzi inayotoka. Lakini ukinywa kitu kitamu, mwili hutoa insulini, nayo huisukuma sukari kwenye misuli. Hapo misuli huwaka katika picha na uvimbe hufifia. Kulima au kubeba mizigo siku moja kabla huleta shida hiyo hiyo. (Wengine wakisikia haya husema sukari ndiyo inayoleta saratani. Sivyo, kila seli ya mwili hutumia sukari.)

Dawa hiyo nayo haiwekwi akiba. Kila dakika 110 nusu ya nguvu yake hupotea, kwa hiyo hutengenezwa karibu na mgonjwa, kwa mtambo uitwao saiklotroni. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza kazi hii mwaka 2018.

Na CT inafanya nini hapo? Simama mlimani usiku: utaona moto unawaka, lakini hujui ni nyumba ya nani. Simama mchana: utaona nyumba zote, ila hujui jiko lipi lina moto. PET ni ule usiku, CT ni ule mchana. Zamani picha hizi zilipigwa siku tofauti, na daktari alizilinganisha kwa macho wakati mgonjwa amekwisha kulala mkao mwingine. Mwaka 1998, huko Pittsburgh, Marekani, mashine ya kwanza ya wataalamu David Townsend na Ronald Nutt ilianza kupima wagonjwa kwa njia zote mbili juu ya kitanda kimoja.

Safari ya pili nilimwandikia yule mama kwenye karatasi: saa sita kabla ya kipimo hakuna chakula, chai, soda, uji, pipi wala muwa, maji matupu unywe. Baada ya sindano tulia kama saa moja, usizungumze sana, ukojoe kabla ya kupanda kitandani. Kwa saa chache baadaye usimpakate mjukuu, wala usikae karibu na mja mzito. Mwenye kisukari, anayenyonyesha au anayedhani ana mimba aseme mapema, kabla ya kupangiwa siku.

Safari hii alipimwa. Picha ilionyesha tezi moja kifuani inawaka. Binti yake alilia mpaka nikamfungia chumba cha zamu akae humo. Lakini kidonda, uvimbe wa maambukizi na hata kifua kikuu navyo hula sukari kwa pupa, na mashine haijui kutofautisha. Daktari alichukua kinyama kidogo cha tezi ile kikapelekwa maabara. Kilikuwa kifua kikuu. Mama akaanza dozi ya miezi sita, na kila alipokuja kuchukua vidonge aliniuliza mbele ya watu wote, "Sista, leo chai ninywe?"