Mtoto Anapochelewa, Usijilaumu

Kliniki tulimpokea mama mmoja akilia. Miaka sita ya ndoa, hana mtoto, na mama mkwe ameanza kumtafutia mwanawe mke mwingine. Tulipomwuliza, alisema hedhi humjia mara tatu tu kwa mwaka, na kidevuni zimeota nywele.

Huko si kurogwa wala adhabu ya Mungu. Ni hitilafu ya homoni: yai halipevuki wala kutoka kwenye ovari kila mwezi. Shirika la Afya Duniani husema kuwa huwapata wanawake wengi wenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui.

Tufanye nini? Nendeni hospitali wote wawili, maana baba naye hupimwa mbegu. Mwenye kilo 80 akipunguza hata 4, hedhi huweza kurudi. Punguza sukari na soda, tembea kila siku. Daktari aweza kukupa vidonge vya kupevusha yai, usijinunulie dukani. Wengi hupata mimba.

Nasi kanisani tuache kuuliza, "Mbona kimya?" Eli alimdhania Hana amelewa, kumbe anaomba mtoto. Tusirudie kosa hilo.